Gari limeota ujani: tafuta kwanza maji yanakaa wapi

Gari likianza kuota kijani, wengi wetu hukimbilia brashi. Siku hizi mimi nikikuta ukanda wa kijani kwenye mpira wa dirisha, nauangalia kwanza kabla sijaung'oa, kwa sababu umenionyesha kitu. Mvua ni ileile, mti juu ya gari ni uleule, lakini bodi nzima imekauka na hapa hapajakauka. Ukijua kwa nini, kusafisha ni kazi ya nusu saa. Usipojua, utarudi na brashi yako baada ya wiki chache.

Pitisha kidole kwanza

Si kila uchafu wa gari ni uchafu wa aina moja, na dawa ya huu huharibu mahali pa ule. Pitisha kidole.

Ukihisi utelezi mwembamba wa kijani unaobaki kidoleni, huo ni mwani. Huo ni mwepesi. Shampuu ya gari na kitambaa vinautosha. Ukigusa kitu laini chenye unene, kama zulia dogo, hiyo ni kuvumwani (moss). Haina mizizi ya kweli, ina nyuzi fupi tu za kujishikiza, kwa hiyo haili rangi ya gari wala mpira. Ubaya wake ni kwamba hushika maji kama sponji na kukusanya mchanga chini yake. Ukikuta ukoko mkavu wa kijivu au wa manjano, wa duara, uliobana kabisa kwenye rangi au plastiki, hao ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja (lichen), na ndio wabishi kuliko wote. Nukta nyeusi kwenye mpira au mkanda wa kiti ni kuvu. Na kama macho hayaoni kitu lakini kidole kinahisi bodi imekuwa kama msasa, hakuna kiumbe hapo: ni chembe za chuma, utomvu wa miti au lami.

Kuvumwani kwenye mipira ya madirisha na kingo za paa

Hapa ndipo inapoanza karibu kila gari linaloegeshwa kivulini. Vumbi hutuama kwenye ule mfereji mwembamba kati ya kioo na mpira, majani makavu yanaoza juu yake, na baada ya misimu miwili ya mvua unakuwa na kitalu.

Ngoja nikuambie kosa langu, maana nimeona wengine wakilirudia. Nilichukua mashine ya presha, nikaelekeza mdomo wake moja kwa moja kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Kuvumwani yote ikatoweka kwa sekunde chache. Nikajisifu. Siku mbili baadaye mvua ikanyesha usiku, na asubuhi nikaweka mguu ndani ya gari, zulia likatoa sauti ya matope. Fundi akafungua ile grili ya plastiki iliyo chini ya waipa, akaingiza mkono, akatoa konzi ya kitu cheusi kama mboji, na juu yake vimebaki vishada viwili vya kijani vilevile nilivyodhani nimevimaliza. Maji yaliyofuata yalitoka kama bomba lililofunguliwa. Sikuwa nimesafisha kitu; nilikuwa nimesukuma uchafu ndani ya tundu la kutolea maji.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi. Nalowanisha mfereji kwa maji ya uvuguvugu yenye shampuu kidogo, nasubiri dakika 5 hadi 10. Usiikwangue ikiwa kavu: inavunjika vipande vidogo na vyote vinaanguka kule usikotaka. Ikilowa inakuwa nzito na inashikamana. Kisha nachukua kijiti cha mbao kisicho na ncha kali, au kadi ya plastiki ya zamani iliyokatwa kwa mshazari, naisukuma chini ya ile zulia ya kijani na kuinyanyua kuelekea nje, kamwe si kuelekea kwenye kioo. Mara nyingi inatoka ukanda mzima wa urefu wa kidole, na chini yake utaona mchanga mweusi uliobanana. Huo mchanga ndio wa kutoa kweli. Nafuta kwa kitambaa kilicholowa, nakikunja upande safi, nafuta tena. Pembeni, karibu na matundu, natumia mashine ya kufyonza inayokubali maji badala ya kumwaga maji zaidi. Mwisho ni mswaki laini wa zamani kwa mabaki.

Mswaki au kitambaa hicho usikipitishe kwenye rangi ya bodi hata kidogo. Kimebeba mchanga, na mikwaruzo ya duara unayoona kwenye magari meusi juani mara nyingi hutokana na uzembe wa namna hiyo.

Bisibisi na kisu viache. Mpira ukichanika, maji yatapata njia ambayo huwezi kuiziba.

Maji yanasikika mlangoni, au zulia limelowa

Hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo ujani wa nje unapogeuka hasara ya ndani. Watu hubadilisha mipira ya milango wakidhani imeshindwa kuzuia mvua. Ukweli ni kwamba mpira ule unaogusa kioo cha dirisha haukuundwa kuzuia maji yote. Maji hupita, hushuka ndani ya mlango, na kutoka kwenye matundu madogo yaliyo ukingo wa chini wa mlango. Gari limetengenezwa hivyo. Matundu hayo yakizibwa na tope la kuvumwani, mlango unakuwa ndoo.

Fungua mlango na kuuyumbisha taratibu. Ukisikia maji yakicheza, piga goti uangalie ukingo wa chini. Utaona matundu mawili au matatu, mengine yamefunikwa na kipande cha mpira. Ingiza kijiti cha plastiki, chokonoa kwa upole, ukae pembeni. Nimewahi kuona maji yakitoka meusi kwa dakika nzima. Baada ya hapo mimina maji kidogo juu ya kioo hadi yatoke masafi. Ukiona rangi imevimba vipele karibu na matundu, kutu imeshaanza kutoka ndani, na hiyo ni kazi ya fundi wa bodi.

Kama milango iko sawa na zulia bado limelowa, uliza: linalowa wakati gani na wapi?

Linalowa baada ya mvua tu, upande wa mbele: shuku bonde lililo chini ya waipa. Fungua boneti, toa majani yote kwa mkono, kisha mimina kikombe cha maji polepole kwenye kona moja huku mwenzako akiangalia chini ya gari. Maji yatoke upande uleule ndani ya sekunde chache. Yakituama na kupanda, tundu limeziba. Rudia kona ya pili.

Linalowa baada ya mvua, na gari lina dirisha la paa: lifungue uangalie fremu yake. Kwenye pembe utakuta vitundu, na kila kimoja kimeunganishwa na bomba jembamba linaloshuka ndani ya nguzo za gari. Jaribu kwa maji kidogo kama hapo juu. Kuzibua, tumia uzi laini wa plastiki kama ule wa mashine ya kukatia nyasi, uusukume taratibu. Usipulize kwa kompresa. Upepo mkali huweza kuchomoa bomba kutoka kwenye kiungio chake huko ndani, na kulirudisha ni mpaka upangue dari.

Linalowa hata bila mvua, siku ulizotumia kiyoyozi: bomba la kutolea maji ya kiyoyozi limeziba. Kiyoyozi kikifanya kazi wakati wa unyevunyevu kinapaswa kudondosha maji chini ya gari. Kama hakidondoshi na zulia la mbele linalowa, umepata jibu.

Na kama unyevu huo unanata, una harufu tamutamu, na kioo cha mbele kinapata utando wa mafuta kwa ndani, hayo si maji ya mvua. Ni maji ya redieta yanayovuja kwenye hita. Acha kusafisha, peleka gari kwa fundi.

Buti lililolowa lina hadithi yake: mara nyingi ni mpira wa taa ya nyuma uliochoka. Inua tairi ya akiba uangalie chini yake. Watu hukaa mwaka mzima na dimbwi pale bila kujua.

Kukausha juujuu hakusaidii. Chini ya zulia kuna sponji nene inayoshika maji wiki kadhaa huku juu pakionekana pakavu. Bonyeza kwa kiganja ukiwa umeweka karatasi nyeupe ya chooni. Ikilowa, zulia linapaswa kuinuliwa na kuwekewa feni chini. Magari mengi hupitisha waya, na mengine hata kompyuta zake ndogo, chini ya zulia au viti. Taa za ajabu zinazowaka kwenye dashibodi baada ya mvua kubwa zina maana, usizidharau.

Utando wa kijani upande mmoja tu wa gari

Angalia gari limeegeshwaje. Upande wa kijani ndio usioona jua wala upepo, uliobanwa na ukuta au ua wa miti. Wakati mwingine utakuta michoro ya ajabu kwenye utando huo, mistari ya kupindapinda kama mtu amechora kwa kidole. Ni konokono, wamepita usiku wakila mwani kwa ulimi wao wa msasa. Mara ya kwanza nilidhani ni mtoto wa jirani.

Suuza kwanza kwa maji mengi ili mchanga uondoke, halafu shampuu ya gari, ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hujakirudisha kwenye sabuni. Anza paani ushuke. Plastiki zisizo na rangi, zenye vinyweleo, zitahitaji brashi laini, kwa sababu mwani hujificha kwenye vile vijishimo. Sabuni ya vyombo itang'arisha, ila itaondoa nta yote. Ukiitumia, panga kupaka nta siku hiyohiyo.

Mashine ya presha si adui, adui ni ukaribu. Tumia mdomo mpana wa nyuzi 40, kaa mbali angalau sentimita 30, na usiuelekeze kwenye mipira, stika, rangi iliyoanza kubanduka wala mapezi ya redieta.

Ule ukoko wa kijivu una utaratibu wake. Weka kitambaa kilicholowa maji ya shampuu juu yake, kiache nusu saa, kilowanishe tena kikianza kukauka. Kisha kadi ya plastiki, ikiwa imelala karibu kabisa na bodi. Usitumie wembe. Ukoko utakapotoka unaweza kuacha alama ya duara; polishi laini huipunguza, na wakati mwingine haiimalizi.

Michirizi myeusi, nukta za rangi ya chungwa na mengineyo

Michirizi myeusi chini ya vioo vya pembeni na vitasa ni uchafu uliokaa ndani ya kifaa chenyewe, unaooshwa kidogokidogo na mvua. Kufuta mchirizi peke yake ni kufuta machozi bila kuuliza msiba. Suuza nyuma ya kioo na kwenye kiungo chake mpaka maji yatoke safi, kausha, umemaliza.

Nukta ndogo za rangi ya chungwa, hasa kwenye gari jeupe, huwatisha watu wakidhani bodi inaoza. Mara nyingi ni chembe za chuma kutoka kwenye breki, au reli kama unaegesha karibu nayo, zilizotua juu ya rangi na kushika kutu zenyewe. Kuna dawa ya kuyeyusha chuma inayogeuka zambarau inapozigusa. Inanuka vibaya, na usiiache ikaukie hapo. Zikibaki, tumia udongo laini wa kusafishia rangi pamoja na maji ya sabuni. Udongo huo ukianguka chini, utupe. Usijaribu kuusuuza.

Madoa meupe ya duara baada ya maji kukauka ni chumvi za maji. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huyatoa kwenye kioo. Ipake, subiri dakika moja au mbili, suuza. Kinyesi cha ndege ndicho pekee kisichosubiri wikendi: lowanisha, nyanyua, usisugue. Taa za mbele zilizogeuka manjano na kufifia si uchafu kabisa, ni plastiki iliyochomwa na jua, kwa hiyo usizilaumu mvua.

Vioo vinajaa ukungu kwa ndani, na gari linanuka

Ukungu wa kila asubuhi maana yake kuna maji ndani ya gari, basi. Rudi kule kwenye zulia. Kabla ya hapo angalia mambo mawili rahisi: kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kimeachwa kimewashwa? Kizime, hewa ya nje iingie. Na kichujio cha hewa ya ndani, mara nyingi nyuma ya kisanduku cha dashibodi, kina hali gani? Nimekitoa kwenye gari moja kikiwa kimejaa majani na kimelowa kama kitambaa cha kudekia. Kichujio kama hicho hakisafishwi, hubadilishwa. Washa kiyoyozi pamoja na joto. Kiyoyozi hukausha hewa, hata siku ya baridi.

Harufu inayokuja dakika ya kwanza ya kuwasha kiyoyozi ni kuvu kwenye sehemu yake ya baridi iliyobaki imelowa. Zima ubaridi dakika chache kabla ya kufika, uache feni iendelee kukausha. Manukato ya kuning'iniza yanakufanya tu usahau tatizo hadi liwe kubwa.

Kuvu kwenye plastiki za ndani na mikanda: vaa barakoa, fungua milango yote, plastiki zifute kwa kitambaa chenye alkoholi ya asilimia 70 ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Mkanda uvute wote hadi mwisho na uuache umevutwa mpaka ukauke. Kwa mikanda tumia sabuni nyepesi, si alkoholi wala klorini, kwa sababu nyuzi zake ndizo zitakazokushika siku ya ajali.

Mbona inarudi?

Kwa kawaida jibu la kwanza la watu ni klorini. Inaua ujani kweli, lakini huchubua mpira, hula chuma na hudhoofisha nta, na ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini. Pamoja na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za vioo, hutoa gesi nyingine ya sumu. Kwenye gari sioni ilipo kazi yake.

Inarudi kwa sababu mahali pale hapakauki. Kama gari linaegeshwa daima kwenye mteremko uleule, maji yote hushukia kona moja, ligeuze. Kama halijaendeshwa wiki tatu, liendeshe, upepo wa barabarani hukausha mifereji kuliko kitambaa chochote. Majani yaondoe kila unapofungua boneti kuangalia oili, ni kazi ya sekunde kumi. Mipira ikishakauka ipake mafuta ya silikoni, si grisi wala mafuta ya injini, ambayo huvimbisha mpira. Nta kwenye bodi hufanya maji yakimbie kwa matone badala ya kutanda. Siku utakapoona yanatanda tena, ni wakati wa kuipaka upya.

Na turubai. Watu wengi hulinunua kwa nia njema, wanalifunika gari likiwa limetoka mvuani, na kulifungua mwezi mmoja baadaye. Nililifungua la rafiki yangu mara moja. Lilikuwa limenata paani, na tulipolivuta lilitoka na utando wa kijani upande wake wa ndani, umbo la gari zima limechapwa humo, hadi vitasa vya milango.